Tikiti ya Upande Mmoja

Mwanamke aliyebakiwa na siku tisa za kukaa kwao hana siku ya kununa. Zulema Apaza alilijua hilo, na bado alikuwa amenuna siku kumi na moja mfululizo. Siku ya kumi na mbili ikaangukia tarehe ishirini na nne Januari, sikukuu ya vitu vidogo, na jijini La Paz hakuna anayebaki ndani saa sita mchana wa siku hiyo, awe mzima, mgonjwa au mwenye kinyongo.

Kazini, Zulema alikuwa mtu wa kupima sumu katika maji ya visima. Hakukubali neno bila kipimo, na kipimo hakukikubali mpaka akirudie mara tatu. Lakini tangu abebwe mgongoni hajawahi kukosa ubani wa saa sita. Unachokitaka mwaka huu unakipata kikiwa kidogo, nyumba ya kukaa kiganjani au gari la ukubwa wa panya, kinafukizwa saa sita kamili, halafu unasubiri kikue. Kikiwa umepewa na mtu, kinakua haraka zaidi. Hilo nalo alikuwa hajalipima, ila alilisadiki.

Akapita kati ya vibanda bila kugusa chochote. Hakuja kununua. Alikuja kumtafuta Abdón Tarqui, mchapaji, ambaye ukoo wake kwa miaka arobaini umekuwa ukichapa makaratasi madogo ya sikukuu: vyeti, hati za nyumba, pasipoti, tikiti za ndege. Alitaka kumwuliza swali moja tu kabla hajapanda ndege ya kweli: ataondoka akiwa na mtu, au ataondoka akiwa peke yake?

Kibandani alimkuta mama mtu.

Doña Eusebia alikuwa amekaa juu ya kigoda, kofia yake ya kahawia imesimama sawasawa kichwani, sketi zake pana zimemwagika pande zote. Alimwona Zulema tangu mbali na akajifanya hakumwona mpaka alipofika puani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mhandisi."

Hilo "mhandisi" lilikuwa la adabu, na lilikuwa la kumsogeza mbali.

"Abdón yupo?"

"Mtu akiwepo si anaonekana? Amekwenda kuchukua boksi kwenye mashine. Tangu alfajiri hajatia kitu kinywani. Wewe je, umekula?"

"Nimekula, mama."

"Uongo. Uso umekupwaya."

Akamwekea sahani: mahindi ya kuchemsha, maharage mapana, viazi na kipande cha jibini ya kukaanga. Chuki ya Doña Eusebia haikuwahi kumnyima mtu chakula. Zulema akakaa kwenye kigoda cha pili, akala kwa sababu ukweli ni kwamba alikuwa na njaa.

"Nasikia ni tarehe mbili," mama alisema, macho yakiwa kwa wateja.

"Tarehe mbili, mama. Mpaka Agosti mwanzoni. Nikirudi nakaa hapa nusu mwaka, kisha naenda tena. Hivyo hivyo miaka minne."

"Nusu huko, nusu huku."

"Ndivyo vyuo viwili vilivyokubaliana. Zamani waliokwenda kusomea udaktari wa utafiti, si wa hospitali, walikaa moja kwa moja, na wengi hawakurudi. Sasa chuo chetu na Waswidi wamesema mtu asikatike na kwao. Wenyewe wanauita mpango wa sandwichi."

"Sandwichi."

"Mkate huku, mkate huku."

"Na nyama ni wewe." Doña Eusebia akampa mteja pasipoti mbili za ukubwa wa stempu. "Mwanangu ni nini humo? Haradali?"

Zulema alipaliwa na hindi. Alitaka kucheka, lakini hakuwa na hakika kama ameruhusiwa.

"Nina mtoto mmoja," mama aliendelea. "Nilikuwa natafuta mkwe, sikutafuta ndege wa msimu. Fimbo ya mbali haiui nyoka, binti yangu. Nikianguka mwezi wa Mei nimwite nani? Nipige simu Uswidi? Sina ubaya na wewe. Unajua kazi, una heshima, na kula unakula. Ila wewe ni nusu."

"Kuna wake wengi wanaokaa nyumbani mwaka mzima na bado ni robo, mama."

Doña Eusebia akamtazama kwa mara ya kwanza. Hakukasirika. Pengine hata lilimpendeza.

"Mdomo unao," alisema. "Lakini kurudi hutarudi. Na si wewe wa kulaumiwa, ni yule mchapaji wangu. Mwaka jana siku kama ya leo alikupa nini?"

"Sanduku dogo la safari. Ndani mna pasipoti, cheti cha udaktari na tikiti."

"Hiyo tikiti unayo?"

Zulema akafungua pochi. Tikiti ilikuwa nyuma ya kitambulisho chake, urefu wa kidole gumba, imeandikwa La Paz kwenda Stokholmu kwa maandishi mazuri kiasi kwamba ungedhani sisimizi wana shirika lao la ndege.

"Igeuze."

Akaigeuza. Nyuma ilikuwa nyeupe.

"Tikiti zetu zina pande mbili," Doña Eusebia alisema. "Mbele kwenda, nyuma kurudi. Tangu enzi za marehemu baba yake. Mwaka jana ilibaki dakika mbili ifike saa sita, mwanangu upande wa nyuma alikuwa hajauchapa. Kwa haraka ya kukupa wewe akachomoa moja, akaitia sandukuni, ikafukizwa. Tikiti ya upande mmoja. Na kwenda kumekuja, si ndiyo? Julai barua ikafika."

"Mama, barua ilifika kwa sababu niliandika andiko la kurasa arobaini."

"Na mwaka juzi uliomba?"

"Niliomba."

"Kwa kurasa ngapi?"

"Arobaini."

"Basi."

Hapo msomi wetu akaitazama tena tikiti. Alijua majibu yote ya darasani, kwamba jambo moja kulitangulia jingine si kulisababisha, na kadhalika. Lakini ule upande mweupe wa tikiti ulimtia baridi. Mwaka mzima alikuwa ametembea nao mfukoni bila kuugeuza.

Abdón akatokea na boksi begani.

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Zulema alikuwa amejiandaa kumtazama kama mtu anayetazama ratiba ya basi, na macho yakamsaliti. Yakaenda kwenye wino uliokaa chini ya kucha zake. Yakaenda kwenye sweta lenye tundu la kiwiko, lile alilomwahidi kulishona tangu Oktoba. Akamwona amekonda. Kwa siri moyo wake ukafurahi kwamba amekonda.

Abdón naye alimwona, na boksi likamteleza kidogo begani. Akaliweka chini polepole, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Mhandisi," alisema.

Jina hilo kinywani mwa mama lilikuwa dogo, lakini kinywani mwake lilimchoma. Miaka mitatu yeye humwita Zule.

"Siku kumi na moja, Abdón."

"Nilijua utazihesabu. Wewe ni mtu wa vipimo."

"Nimekukosea nini hasa? Nitamkie, nisikie."

"Unajua."

"Najua, lakini nataka ukiseme. Mimi sijibu kimya."

Abdón akamtupia mama yake jicho. Doña Eusebia alikuwa amezama katika kupanga hati za nyumba ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Uliniletea fomu zako za safari nizitoe nakala," Abdón alianza kwa sauti ya chini. "Kurasa kumi na sita, nakala tatu tatu. Mimi makaratasi ya watu siyasomi, hiyo ndiyo adabu ya kazi. Lakini ukurasa wa tisa ulikwama. Ikabidi niuvute kidogo kidogo usichanike. Mwenzi au mchumba, wanauliza. Jibu: hakuna." Akakwangua wino wa ukucha. "Tena umeliandika kwa herufi kubwa, Zule."

"Fomu ilisema tuandike kwa herufi kubwa."

"Basi ungeandika uongo kwa herufi kubwa."

Mikono ya Doña Eusebia ikasimama. "Aliandika hakuna?"

"Niliandika, mama," Zulema alisema, akasimama na sahani mkononi. Alikuwa na haya na hasira, na haya ndiyo iliyomtia ujasiri. "Chini ya pale waliuliza tarehe ya uchumba. Ningejaza nini? Miaka mitatu naongozana na mtu ambaye kwetu hajagonga mlango. Kila Jumapili baba ananiuliza kama huyo mchapaji ana miguu. Mimi siandiki kitu ambacho hakijafika. Nilitafuta pa kumwandika mtu ambaye mama yake hajaja kwetu, sikupaona."

Desturi ya kwao ndiyo hiyo. Mwanamume haendi peke yake kuomba mke, atafukuzwa na mbwa. Anatanguliwa na mama yake, mama ana mikate na chupa ya kinywaji, na mama ndiye anayegonga. Mama akikataa kunyanyuka, kijana hata angekuwa na mabawa hafiki.

"Nilimwomba mara tano," Abdón alisema.

"Sita," Doña Eusebia alisema, akakohoa.

"Mara sita. Sikukwambia, kwa kuwa niliona aibu."

Zulema akaiweka sahani chini. Hasira ilimtoka yote kwa mkupuo, akabaki na kile kilichokuwa chini yake. "Nilidhani umenyamaza kwa sababu umeniacha niende," alisema. "Kila jioni nilikuwa nafunga sanduku langu nikisema, hajaja kunizuia, basi ndiyo hivyo."

"Nikuzuie? Kwani nani alikaa na wewe ukisahihisha zile kurasa arobaini? Mimi nataka uende. Ningekuwa sitaki, ningeumia kidogo tu, halafu ningefurahi kwamba nina sababu. Nataka uende, na nataka niwe nimeandikwa. Vyote viwili nimeshindwa kuvitaka bila kuumia."

Hakuwahi kusema maneno mengi hivyo kwa pamoja. Zulema alimtazama, naye akatazama pembeni, masikio yamemwiva kama pilipili. Alimpenda sana wakati huo, akaona ni ajabu kwamba siku kumi na moja alifaulu kujidanganya vinginevyo.

Abdón akachutama, akakata kamba ya boksi. Juu kabisa palikuwa na bahasha ndogo. Akaitoa, akamimina tikiti nne kiganjani.

"Moja kwa kila mwaka," alisema. "Nimechapa upande wa nyuma kwanza safari hii. Ukitaka kuhakiki, hakiki."

Zulema akazigeuza moja moja. Stokholmu kwenda La Paz. Stokholmu kwenda La Paz. Herufi zilikuwa nyembamba kama nyusi. Alipofika ya nne macho yalikuwa yamejaa, hakuweza kusoma.

"Nilikuwa nimekununia, ndiyo," Abdón aliongeza, "lakini kazi haina kununa."

"Saa sita kasoro dakika nne," Doña Eusebia alikata. "Mtaliliana mpaka ubani upoe? Nendeni."

Wakaenda mbio mbio, mkono kwa mkono bila kukumbuka nani aliyeushika wa mwenzake. Kila mtu jijini alikuwa amekumbatia kitu. Mwanamke mmoja alikuwa na ghorofa tatu kifuani. Askari wa barabarani alikuwa na kiwanja cha kujengea na mifuko sita ya saruji. Wafukizaji walikuwa wamejipanga na vyetezo vyao, na yule waliyemfikia alikuwa dada mwenye aproni, mkali kama mwuza tikiti wa stendi.

"Haraka, kengele inalia. Nini hiki? Safari. Majina?"

"Zulema," Abdón akasema.

"Za Zulema peke yake?"

Abdón hakumsaidia. Alitazama makaa tu.

"Za Zulema na Abdón," Zulema akasema, kwa sauti iliyomgeuza hata yule askari. "Yeye haondoki, lakini ziandike za wote wawili. Zina kurudi."

"Mimi siandiki, nafukiza," dada alijibu. Moshi ukapanda, matone ya divai yakaanguka juu ya tikiti, yakafuata maua ya njano. Kengele za makanisa zikapokezana bondeni mpaka milimani. Wino wa Abdón haukutiririka hata herufi moja, naye aliona fahari hiyo kwanza kabla ya nyingine zote. Kisha akainama akamwambia sikioni jambo ambalo halituhusu. Zulema akacheka na kulia kwa wakati mmoja.

Walirudi polepole. Mvua ya manyunyu ilikuwa imeanza, wala hakuna aliyeijali. Wameshapatana wao wawili, na hilo halikuwa dogo. Lakini kila hatua waliyosogea kibandani, mkono wa Abdón ulizidi kuwa mzito, kwa maana wote wawili walijua kwamba mlango wa kina Apaza una mgongaji mmoja tu.

Doña Eusebia alikuwa amefunika makaratasi yake kwa nailoni. Hakuuliza habari za ubani. Aliwapa vigoda, akajitengeneza shali mabegani, akamgeukia Zulema.

"Zile chupa ulizojaza maji kwa dada yangu Saturnina," alisema. "Novemba ile, Abdón alipokupeleka. Majibu yake yako wapi?"

Zulema hakulitarajia. "Bado, mama. Sumu ninayoitafuta haina rangi, haina harufu, na huwa kidogo mno. Mashine ya kuiona kwa udogo ule hapa hatuna. Chupa ziko kwenye friji ya maabara, zimeandikwa jina lake. Zinaondoka nami tarehe mbili."

"Unasafiri na maji ya Saturnina."

"Na ya visima vingine mia moja na tisa. Chake ni namba thelathini na saba."

"Na hao wenye mashine, hawawezi kupelekewa kwa posta?"

"Ndivyo ilivyokuwa zamani. Maji yalikwenda, majibu yakabaki hukohuko kwenye vitabu vyao. Wenye visima hawakuambiwa. Sasa tumepatana kwamba anayechota ndiye anayepima, na anayepima ndiye anayerudi kumwambia mwenye kisima. Mwaka wa nne mashine kama hiyo inasimikwa hapa, nami ndiye nitakayeiendesha. Hapo hakuna tena wa kusafiri."

"Mabaya hayo maji?"

"Sijui, mama. Nikikwambia mazuri nitakuwa nakufurahisha tu. Kuna majirani zake ambao maji yao nimeyaona kwa vipimo vya hapa, na mimi nisingeyanywa. Nilimwomba mama Saturnina atumie ya mvua kwa sasa."

"Anatumia." Doña Eusebia akavuta nailoni, akaiachia. "Ameweka mapipa mawili. Kila wiki ananipigia. Nafikiri ananijulia hali, kumbe ananiuliza, yule binti amesharudi? Namwambia hata kwenda hajaenda. Wiki inayofuata anauliza tena. Anasema ulikaa jikoni kwake ukamenya viazi mpaka vikaisha, na ukamwambia majibu utayaleta mwenyewe."

"Nilimwambia."

"Hata yakiwa mabaya?"

"Yakiwa mabaya hasa. Habari kama hiyo haitumwi kwa simu."

Mteja akaja, akataka hati ya nyumba ya vyumba vinne. Doña Eusebia akamhudumia taratibu, akamchagulia yenye mhuri uliokolea, akamtakia baraka. Abdón alikuwa ameshikilia ukingo wa kigoda kwa mikono miwili. Mteja alipoondoka, mama alibaki akimtazama mgongoni muda mrefu, kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa akimfikiria.

"Mwambie baba yako Jumapili asitoke," alisema hatimaye. "Na mama yako asipike nyama, nyama nitakuja nayo. Abdón, utatafuta viatu vya maana. Huko kwao tumesemwa kwamba huna miguu."

Zulema alitaka kumwangukia shingoni, lakini kofia ile haikuwa kofia ya kuangukiwa.

"Mama," alisema.

"Sijamaliza. Umesema unarudi lini?"

"Tarehe saba Agosti."

Doña Eusebia akahesabu kwa vidole, akafika Agosti, akatikisa kichwa.

"Agosti ardhi imefungua mdomo ikingoja sadaka, mwezi huo hatuozeshi," alisema. "Kwanza utakwenda kwa Saturnina na majibu yake. Harusi itakuwa Septemba."